Bawabu wa Lango la Kwanza

Mwenye nyumba wake anaamini kwamba Mama Chiriku hutengeneza televisheni. Jirani wa mlango wa kushoto anasema ni mwalimu wa kompyuta. Mke wa huyo jirani, mtu asiyependa mambo ya kubahatisha, aliwahi kumsimamisha kwenye ngazi akamwuliza ana kwa ana: "Hivi dada, wewe hasa unafanya kazi gani?" Mama Chiriku akamjibu, "Natengeneza watu wa kupigwa." Yule mama akacheka kwa adabu, akaingia ndani kwake, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Wala hakudanganywa. Ofisi ya Mama Chiriku iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na humo ndani watu wazima wenye akili zao timamu hushinda kutwa wakitengeneza gemu za mapigano. Katika gemu za namna hiyo kuna maadui wadogo wadogo wa kufyeka njiani, na mwisho wa kila hatua kuna mmoja mkubwa, aliyeziba njia kwa mwili wake wote, ambaye usipomshinda husongi mbele. Huyo wachezaji humwita bosi. Ndiyo maana mkuu wa ofisi, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alikataza yeye asiitwe bosi. Aitwe Mkuu, basi. Alichoka kupita koridoni na kusikia wafanyakazi wake wakisema kwamba bosi hana akili, bosi apunguzwe nguvu, bosi afe mapema kidogo.

Mama Chiriku ndiye mbunifu wa mabosi. Hachori na haandiki programu. Yeye huamua bosi atasimamaje, atapiga kwa mkono gani, atachoka lini, na mchezaji apate wapi mwanya wa kumrudishia. Ni kazi ya kupigwa mara nyingi kabla wengine hawajapigwa, na yeye anaipenda mno, ingawa mama yake mzazi mpaka leo anawaambia watu kanisani kwamba bintiye yuko "upande wa mitambo."

Chiriku ni mtoto wake. Jina hilo alipewa angali akitambaa, kwa jinsi alivyobwabwaja kutwa bila kupumzika, na jina likaganda. Ofisini wote humwita mama kwa jina la mtoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo mtoto. Anaishi na baba yake katika mji mwingine, mbali, mahali ambapo mtu akiamka asubuhi kuanza safari anafika jua linazama. Ndoa yao ilikwisha bila sahani kuvunjika. Waliachana kwa heshima, na watu wanaoachana kwa heshima wana tabu yao: hakuna wa kumlaumu. Kazi ilikuwa huku. Shule, bibi na marafiki wa mtoto walikuwa kule. Wakakubaliana abaki kule mpaka amalize shule ya msingi, na kila likizo ndefu aje kwa mama. Yalikuwa makubaliano mazuri, kila aliyeyasikia aliyasifu. Ila makubaliano hayasuki mtoto nywele, wala hayamfuniki usiku akipiga teke shuka.

Kilichowaunganisha mama na mtoto kilikuwa ni kukwama. Mtoto alirithi ugonjwa wa mama, alipenda gemu, na kila alipofika mahali pagumu alichukua simu ya baba yake.

"Mama, shikamoo. Nimekwama."

Hapo Mama Chiriku aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama sabuni ilikuwa machoni. "Marahaba. Uko wapi? Unaona nini kushoto kwako?"

"Ukuta."

"Ukuta wa namna gani?"

"Mama, ukuta ni ukuta!"

"Haya, twende taratibu. Una nyufa?"

Basi walitambaa hivyo, mmoja akitazama na mwingine akikisia, mpaka mlango ufunguke. Na mlango ukishafunguka ndipo habari za kweli zilipotoka: jino limeng'oka, mwalimu wa hesabu ana mchumba, Baba amenunua viatu vibaya na hakuna anayethubutu kumwambia. Mama Chiriku alikwisha kujua siri hiyo ya watoto. Ukimwuliza mtoto habari za shule atakujibu nzuri, akafunga duka. Lakini ukimvusha ukuta, mwenyewe atamwaga gunia lote.

Sasa simu hizo zilikuwa zimekauka. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Mtoto alikua tu, na dunia ikamzidi mama ujanja. Kila gemu inayotoka siku hizi ina mtu mahali fulani aliyejirekodi akiicheza mwanzo hadi mwisho, akieleza kila kona. Mtoto akikwama anaiuliza simu, na simu inamjibu. Isipomjibu, yuko mwenzake darasani anayejua. Ikawa mama ndiye anayepiga.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

"Haya, Mama."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Baada ya simu kama hiyo Mama Chiriku alikaa jikoni akitazama sufuria isiyo na kitu, akajihisi kama mgeni aliyepiga hodi akajibiwa na redio. Alikuwa na hamu na mtoto wake. Alitamani harufu ya kichwa chake, alitamani hata yale maswali yake ya kipuuzi ambayo zamani yalimchosha.

Kazi ya bosi wa kwanza ilikuja asubuhi moja kwenye kikao, chai zikiwa bado moto.

"Bosi wa kwanza nakupa wewe, Mama Chiriku," Mkuu alisema. "Mnajua kilichotupata gemu iliyopita. Watu waliotuacha, wengi walituacha pale kwa bosi wa kwanza. Wamepigwa, wamezima, hawakurudi tena. Mimi nataka mtu ambaye hajawahi kushika padi ya kuchezea gemu maishani mwake amshinde huyu bosi, na akimaliza atembee nyumbani kwake kifua mbele."

"Na apigwe kidogo?" aliuliza Mama Chiriku.

"Apigwe. Asipopigwa hatashukuru. Na jambo jingine. Likizo fupi ya shule ikifika, kabla gemu haijatoka, kila mmoja wenu nitampa nakala ya majaribio awapelekee watu wa nyumbani kwake. Nataka watoto, nataka mashangazi, nataka wajomba wasiojua kitu."

Wengine waliandika, mmoja akaomba sukari. Mama Chiriku yeye alikaa na kikombe mkononi. Gemu ambayo hakuna mtu duniani aliyeicheza. Isiyo na video, na isiyojulikana na mtoto yeyote darasani. Chiriku akikwama humo, dunia nzima kutakuwa na mtu mmoja tu wa kumkwamua. Tangu dakika ile alichokitaka kilikuwa hicho, na tusimfichie: alitaka mtoto wake ampigie simu.

Akamtengeneza Bawabu. Ni jitu la mlangoni, pana kuliko lango analolilinda, lenye funguo zinazoning'inia kiunoni na komeo la chuma mkononi, lile pande refu la kufungia lango, ambalo ndilo silaha yake. Kazi ya kumpa mapigo ilifanyika koridoni. Mama Chiriku alishika mpini wa ufagio, akamwambia Mchoraji, kijana mnene mwenye vidole vya rangi, asimame mbele yake na daftari la kuchorea.

"Hili ni pigo la juu. Anainua komeo kwa mikono miwili, analiweka juu ya kichwa, linaning'inia hapo. Unaona? Anakupa nafasi. Halafu, pu!"

Mpini ukagonga sakafu. Chini, dukani, muuza magodoro akagonga dari kwa ufagio wake naye.

"Samahani, baba!" Mama Chiriku alipaza sauti. Kisha kwa Mchoraji: "La pili ni la kufagia. Anageuza bega, anaburuza komeo chini kwenye mawe, kwaruu, mtu hata akiwa na usingizi atasikia. Halafu anazungusha."

Alizungusha, na Mchoraji, ambaye hakutarajia, akaruka na kuangukia ndoo.

"Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa kwa goti," alisema Mchoraji.

Maana ndivyo bosi wa kwanza anavyotakiwa kuwa. Ana sura ya jambazi, lakini ndani ni mwalimu wa chekechea. Uwanja wake ni mpana na hauna mashimo, ili mtu asife kwa kurudi nyuma. Ukishindwa unaanza tena palepale mlangoni, hurudishwi mwanzo wa safari ukasonye na kuzima. Akishapiga, anahema kidogo, na katika kuhema huko ndimo mwanya wako ulimo. Juu ya yote, kila pigo hutanguliwa na ishara. Ishara ndiyo adabu ya bosi. Bosi anayepiga bila ishara ni mhuni tu, na Mama Chiriku alikuwa amewasimanga wabunifu wengine kwa kosa hilo miaka nenda miaka rudi.

Pigo la tatu lilikuwa msukumo. Bawabu anakuja na kifua chake chote na kukubwaga ukutani. Kwa pigo hilo Mama Chiriku aliagiza ishara moja tu: kisigino cha mguu wa kushoto kinyanyuke kidogo.

Mwandishi wa programu, mzee wa makamo anayeitwa Nukta kwa sababu aliwahi kuisimamishia ofisi nzima kazi siku mbili kwa kusahau nukta moja, alisogeza pua yake hadi kwenye skrini. "Kisigino kipi?"

"Cha kushoto."

"Mama Chiriku, kimenyanyuka lini?"

"Sasa hivi. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mwenye macho, sawa. Sisi wenye miwani je?"

"Mchezaji ajifunze kuchunguza, Nukta."

"Mchezaji huyu ni wa darasa la kwanza, si mpelelezi. Tuongeze hata mlio."

"Kiache hivyo hivyo."

Nukta akamtazama, akainua mabega, akaacha. Kwa mambo ya mapigo neno la mwisho lilikuwa la Mama Chiriku.

Yeye alijua anachokifanya. Jioni, akirudi nyumbani na mfuko wa nyanya, alikuwa akiirudia ile simu kichwani. Mtoto atapiga, sauti imejaa hasira. Mama, hapigiki huyu! Naye hatasema haraka. Atamwuliza kwanza anaona nini. Kisha atamwambia polepole, mwanangu, usitazame mikono yake, tazama kisigino cha kushoto. Mtoto atavuta pumzi, atacheka, atashinda, na baada ya kushinda atamwaga gunia. Mama Chiriku alikwisha kuipamba simu hiyo hata akaanza kujibu maswali ambayo hayajaulizwa, na mara moja muuza nyanya alimwuliza, "Unasema na mimi?"

Siku ya majaribio waliita watu wa mtaani wasiojua kitu. Akaja fundi cherehani wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, mama wa makamo, tepu ikiwa bado shingoni. Alipewa padi akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

"Nibonyeze wapi, jamani? Nisije nikawaharibia."

"Haiharibiki, mama. Bonyeza popote," alisema Nukta.

Kumbe vidole vilikuwa vyepesi. Pigo la juu lilimpata mara chache tu, akalijua. La kufagia likampata, akaguna, akalijua nalo. Alianza kumsema Bawabu kama mteja msumbufu: "Njoo, njoo, mzee. Leta hiyo chuma yako. Aa-aa, umekosa!" Chumba kizima kikacheka, na Mama Chiriku aliyekaa nyuma yake akacheka pia.

Kisha Bawabu akaja na kifua. Fundi akabwagwa ukutani, akaanza tena. Akabwagwa. Akaanza tena, akajaribu kurudi nyuma, akajaribu kwenda pembeni, akajaribu kusimama tu amtazame. Akabwagwa. Mara za mwanzo alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na chumba nacho kikaacha. Alifuta viganja kwenye gauni lake.

"Binti yangu aliniambia nisije," alisema bila kumwangalia mtu. "Aliniambia, Mama, utaenda kujiaibisha."

Mama Chiriku alihisi uso ukimwaka moto. Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, alikuwa amekaa mbele yake akijiona mjinga, na mjinga hakuwa yeye. Hakuvumilia.

"Dada," alisema, "tazama kisigino chake cha kushoto."

Fundi akatazama. Kisigino kikanyanyuka, akakwepa, Bawabu akajigonga ukutani, akapigwa na kupigwa mpaka akaanguka kifudifudi na lango likafunguka. Muziki wa ushindi ukalia. Watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Aliiweka padi mezani taratibu.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye niliyemtengeneza."

"Basi umempiga wewe, dada. Si mimi."

Akaaga kwa upole, akashukuru kwa soda, akavuka barabara kurudi kwenye cherehani yake. Mama Chiriku alimtazama kutoka dirishani mpaka alipokaa na kuinamisha kichwa kwenye kitambaa.

Wengine walipotoka, Nukta alibaki kwenye kiti chake. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, jambo alilolifanya kila alipotaka kusema kitu kizito.

"Nimefanya kazi na wewe muda mrefu," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha habari ya ishara. Kile kisigino si kazi yako. Kuna nini?"

Angeweza kudanganya. Badala yake akasema lote, wima, kama mtu anayetua mzigo: "Nilitaka mwanangu akwame. Nilitaka anipigie."

Nukta alivaa miwani yake tena. Alikuwa na watoto wanne na wote walikuwa wakimpigia kelele nyumbani kila siku, akawa hana hata la kulinganisha. Mwishowe aliuliza, bila ukali, kama anayetaka kujua tu, "Na hawa wengine wote watakaokwama? Wao watampigia nani?"

Mama Chiriku alirudi kwenye meza yake akakaa mikono mapajani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wazee walisema, na yeye alikuwa ameipindua methali. Alikuwa anataka mwanawe asijue kitu ila yeye awepo. Hayo hayakuwa mafunzo. Ilikuwa ni kamba ya kumfungia ng'ombe. Aliona haya, na juu ya haya alisikia uchungu, kwa sababu hamu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe kwa kuambiwa ni mbaya.

Kesho yake alimwita Mchoraji, akachukua ufagio, wakarudi koridoni.

Bawabu mpya, kabla ya msukumo, anarudi nyuma hatua. Anavuta pumzi. Kifua kinajaa polepole mpaka funguo za kiunoni zinaanza kucheza, cheke cheke cheke, na kelele nyingine zote uwanjani zinazima ili zisikike hizo tu. Hata hilo halikumtosha Mama Chiriku. Aliweka nguzo ya mawe katikati ya uwanja, akaagiza kwamba msukumo wa kwanza kabisa Bawabu aupige kwenye nguzo, si kwa mchezaji, na nguzo isambaratike. Mtu aone kwanza, ndipo apigwe.

"Sasa huyu hata bibi yangu atampiga," alisema Nukta akiandika, "na bibi yangu hana macho kabisa. Atamsikia."

"Ndivyo nitakavyo."

"Wewe u mzima?"

"Andika, Nukta."

Aliandika. Mama Chiriku alisimama nyuma yake na kila kitu kilichokaa sawa aliona simu ikisogea mbali. Alipoongeza mlio wa funguo, ikasogea. Aliporefusha kuhema kwa Bawabu kwa muda wa kupepesa jicho, ikasogea tena. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, alilijua hilo bila kuambiwa na mtu, na kadiri ilivyozidi kuwa nzuri ndivyo huzuni ilivyomzidi. Kuna siku alikwenda chooni akafungua bomba, akalia kidogo, akanawa, akarudi kurekebisha pembe ya komeo.

Fundi cherehani aliitwa tena, akaja kwa kubembelezwa sana. Alipigwa, akapigwa, nguzo ilipovunjika akasema "Mama wee!", akapigwa tena, na mara funguo zilipolia akahama njia kana kwamba amemwagiwa maji. Bawabu alipoanguka, fundi hakumtazama mtu yeyote. Aliomba aanze upya. Ilibidi mteja wake avuke barabara kuja kumchukua.

Likizo fupi ikafika. Mama Chiriku alituma nakala kwa baba wa mtoto, na Jumamosi asubuhi akapata ujumbe wake, mfupi kama kawaida yake: Imefika, ameanza.

Siku hiyo alifua mashuka. Alikuwa na mashuka masafi, akayafua hayo hayo. Simu aliiweka dirishani mahali anapoweza kuiona, kisha akaogopa jua, akaihamishia kwenye kiti, kisha akaogopa maji, akaitia mfukoni. Haikulia. Alijua mtoto anacheza haraka, na kwa saa ile alikuwa amekwisha kupita wadogo wote wa njiani. Alikwisha kufika langoni. Pengine alikuwa amekwisha kushinda na sasa anakula chakula cha mchana na kusahau. Vizuri, alijiambia. Ndivyo inavyotakiwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na shuka, na hakuhisi vizuri hata kidogo.

Simu ikalia alasiri.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Umekwama?" Lilimtoka kabla hajalizuia, na furaha ndani yake ilikuwa wazi kiasi kwamba alijionea aibu.

"Hapana. Sijui. Mama, nimefika kwa lile jitu la mlangoni."

"Bawabu."

"Ndiyo jina lake? Mama, sikiliza. Wewe ndiye uliyelitengeneza, si ndiyo?"

"Ni mimi."

"Basi usiniambie kitu. Ukiniambia nakata."

"Sikuambii."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, mwanangu."

"Kaa tu hapo hapo, usikate. Naweka simu kwenye mto."

Ikawekwa kwenye mto. Mama Chiriku alisikia chumba asichokijua sawasawa, feni inayokwaruza, na karibu kabisa, pumzi ya mtoto wake. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu aisikie pumzi hiyo kwa karibu namna ile. Kisha komeo likaburuzwa kwenye mawe. Anafagia, alisema moyoni, ruka. Mtoto akaruka. Kukawa na kimya kifupi, naye akajua komeo liko juu ya kichwa, linaning'inia. Likashuka, likakosa. Vitufe vikalia haraka haraka. Baadaye zikasikika funguo, cheke cheke, na mtoto akachelewa.

"Aah!"

Mama Chiriku aliuma kidole. Mtoto akarudishwa palepale mlangoni, mapigo yakaanza tena kwa mpangilio ule ule alioupanga yeye kwa mpini wa ufagio, na tena mtoto akabwagwa, na tena, na safari moja akasonya kwa sauti ya bibi yake kabisa. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni mwa mama. Yalikuwa machache na yalitosha. Alikaza meno, machozi yakamtoka kwa kuyazuia maneno hayo.

Mara ya mwisho alimsikia mtoto akinong'ona, si kwa mama, kwa nafsi yake. "Amerudi nyuma. Anavuta pumzi. Anavuta pumzi... anavuta... sasa!"

Kishindo cha kifua kwenye ukuta mtupu. Vitufe, vitufe, vitufe. Kisha ule mwanguko mkubwa, na lango.

Halafu ikaja kelele ambayo pengine ilisikika mtaa mzima. "Baba! Baba, njoo uone! Nimempiga! Nimempiga peke yangu!"

Miguu ikakimbia, mlango ukagonga ukuta. Kwa mbali, Mama Chiriku akasikia kiti kikisogezwa na mwanamume akiuliza nini, kulikoni, kisha sauti ya mtoto ikimwagika bila kituo: lilikuwa kubwa hivi, Baba, halafu kuna nguzo, halafu linavuta pumzi, unasikia funguo, mimi nikasubiri, nikasubiri, lilipokuja tu nikatoka. Mwanamume akacheka. Akasema, nionyeshe tena ulivyosimama. Mtoto akaanza upya tangu mwanzo.

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Chiriku.

Mto haukujibu. Muziki wa ushindi, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua, ulikuwa ukijirudia kwenye chumba kisicho na mtu. Alijua kwamba akikata na kupiga baadaye, mtoto atapokea, atasema samahani Mama nilisahau, na atamsimulia naye, kwa kifupi. Hakukata. Aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili ili asipitwe na neno, akaendelea kumsikiliza mtoto wake akimsimulia mtu mwingine.